Kipande Kilichokataa Utomvu

Kaijage alikuwa ametoa asubuhi moja tu. Alilisema hilo mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, mbele ya watu, ili baadaye asiwepo wa kudai kwamba hakulisikia: Avit atatoka naye ziwani mara moja, akiwa na mshipi wowote anaoutaka, na kama mkono wake hautaweza kumzuia samaki, nafasi yake kwenye ubao wa mbele itachukuliwa na Karugendo, mvuvi aliyekuwa akiingoja. Mtumbwi wa Kaijage ulikuwa mdogo, wa makasia, wenye nafasi ya watu watatu. Hapakuwa na mahali pa kumweka mtu kwa sababu ya huruma.

Mkewe Avit, Joanitha Kokushubila, alizipata habari hizo akiwa kibanjani kwao Kagoma, akipunguza majani makavu ya migomba. Avit alizieleza kwa ufupi, kisha akaurudisha mkono wa kulia mfukoni, mahali alipozoea kuuficha tangu ajali.

Ajali yenyewe ilikuwa ya nailoni. Mwaka uliotangulia, sangara mkubwa alivuta wakati Avit amejizungushia mshipi kiganjani, jambo ambalo kila mvuvi huonywa asilifanye na kila mvuvi hulifanya. Nailoni haikukatika. Hadi Kaijage alipoufikia mshipi kwa kisu, kidole kidogo na cha pete vilikuwa vimekwisha kazi, na hospitalini Bukoba vikaondolewa vyote viwili. Cha kati kilipona kikiwa kimekakamaa. Kuanzia hapo, nailoni ikilowa ilimponyoka Avit kama sabuni. Alijaribu glavu za mpira, akajaribu kitambaa. Alijaribu hata kuufunga mshipi kwenye kiwiko, lakini Kaijage alimkataza siku hiyo hiyo, kwa kuwa mtu aliyefungwa kwa samaki anaweza kumfuata samaki huko aendako.

Migomba ya kibanja chao ilikuwa imeshikwa na mnyauko, na nusu yake ilikwisha kung'olewa na kuchomwa. Ziwa ndilo lililobaki. Tena Avit hakuwa mtu wa kitu kingine. Alikuwa ameanza kuvua kabla hajaota ndevu, na tangu mkono uharibike alikuwa akizungumza mezani kama mgeni anayeogopa kuomba chumvi.

Joanitha alifikiri kwa muda, huku akiyapanga majani makavu chini ya mgomba, jani juu ya jani, kama anavyofanya kila kitu.

"Nitakutengenezea mshipi wa mkonge," alisema.

"Kama wa mzee Lwakatare?" Avit alicheka kidogo. "Bojo, mke wangu, watanicheka mpaka Mwanza."

"Wacheke. Vidole vitatu vinaweza kushika kamba. Nailoni haviwezi."

"Na ukikatika?"

"Nikiutengeneza sawasawa, hautakatika."

Lwakatare alikuwa baba yake Joanitha, mtu wa Ngenge, aliyevua kamongo katika madimbwi ya bondeni kwa mshipi aliousokota mwenyewe. Aliamini kwamba meno ya kamongo huikata nailoni, lakini nyuzi za mkonge humkwama humo humo mdomoni. Alipokuwa akisokota, binti yake aliketi mbele yake akiushikilia mwisho wa mshipi usijikunje. Hakuna aliyeyaita hayo mafunzo. Hata hivyo, Joanitha aliyaona yote, na kwa kuwa hakuwa mtoto wa kuuliza sana, aliyahifadhi kama alivyoyaona. Mshipi mzima, kuanzia jani hadi ndoano, hakuwa ameutengeneza hata mara moja.

Alikwenda Ngenge kuchukua majani. Mkonge mwitu humea huko kwenye miamba, na majani yake ni membamba, yenye madoa, magumu kuliko ya mkonge wa wigo. Aliyachagua yaliyokomaa bila kuanza kukauka. Nyumbani aliyalaza juu ya ubao, akayakwangua kwa kisu butu hadi nyama yote ya kijani ikatoka na nyuzi nyeupe zikabaki. Akazisuuza, akazianika kivulini, kwa sababu jua kali huzifanya ziwe kavu na za kuvunjika. Kisha akazichana kwa kitana, akaanza kusokota.

Kazi hiyo hufanyika pajani. Mafungu mawili membamba ya nyuzi hulazwa juu ya paja, kiganja chenye unyevu huyasukuma mbele, kila fungu likajipinda peke yake. Halafu kiganja hurudi nyuma, na mafungu hayo hukumbatiana kwa upande ulio kinyume. Ni kukinzana huko kunakoufanya mshipi usifumuke. Fungu moja likikaribia kuisha, nyuzi mpya huingizwa kabla halijaisha, wala mafungu mawili hayaungwi mahali pamoja. Joanitha alisokota chumbani, mlango ukiwa umerudishwa, hadi ngozi ya paja ikawa nyekundu na ikaanza kuuma hata kwa kuguswa na nguo.

Alikwenda pia Bukoba kununua ndoano, katika duka la Falguni, mama mmoja wa Kihindi ambaye familia yake iliuza zana za uvuvi kabla Joanitha hajazaliwa. Falguni alimwekea mezani bunda la nailoni kabla hajaombwa.

"Imeingia juzi, dada. Hii haikatiki kabisa."

"Hilo ndilo kosa lake," alijibu Joanitha. "Ninataka ndoano zenye tundu pana."

Falguni alileta, akatazama tundu, akamtazama yeye. "Hapa inapita kamba ya mbuzi."

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Haya. Mbuzi akishiba, niletee samaki."

Mshipi ulikuwa umefika zaidi ya nusu wakati senene, wale panzi wa msimu wa mvua, walipoanguka. Ilikuwa Novemba, mvua ilikuwa imetangulia, na asubuhi hiyo Kagoma nzima ilikuwa nje na ndoo. Mtu asiye wa huku huenda asielewe kwa nini Joanitha aliacha kazi iliyokuwa ikimbana namna ile. Senene hawasubiri, na mke wa Kihaya kumnyonyolea mumewe senene ni jambo la tangu enzi za bibi zetu, enzi ambazo mwanamke aliwaandaa bila yeye mwenyewe kuwaonja. Joanitha alitaka kumwona Avit akila kwa furaha. Aliketi na ndoo, akanyonyoa mbawa na miguu hadi viganja vyake vikang'aa kwa mafuta, akawakaanga, akamwekea. Avit alikula, akatania kwamba wa mwaka huu wamenenepa kuliko mapadri. Joanitha akanawa kwa sabuni, akanawa tena kwa majivu, akarudi chumbani kusokota.

Baadaye aliuzamisha mshipi wote katika utomvu wa mgomba. Kila mtu huku anaujua utomvu huo kwa jinsi unavyoharibu nguo: doa lake halitoki hadi nguo ichakae. Katika nyuzi, huo ndio uzima wake. Huingia ndani, hukausha na kukaza, huzuia maji yasiozeshe kamba, na huigeuza rangi ikawa kahawia iliyokolea. Mvua haikukatika siku hizo. Joanitha aliuanika mshipi jikoni, juu ya kamba iliyopita darini, mahali ambapo mwanga ulikuwa hafifu na moshi mwingi, na asubuhi ya siku aliyoitoa Kaijage aliukunja ukiwa bado na unyevunyevu kidogo. Hakuwahi kuutazama juani.

Walishuka mwaloni kwa bodaboda. Jua lilikuwa limekwisha kutoka ziwani na mitumbwi ilikuwa ikisukumwa majini, mmoja baada ya mwingine. Kaijage alikuwa nyuma ya mtumbwi wake, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu. Katikati alikaa Haruni, mvuvi wake wa pili, mtu wa maneno mengi. Karugendo, binamu yake Haruni, hakuwa ndani ya mtumbwi. Aliketi juu ya mtumbwi mwingine uliofunikwa mchangani, na nailoni yake mpya ilikuwa magotini.

Avit aliingia, akakaa kwenye ubao wa mbele, akaanza kuukunjua mshipi ili afunge jiwe na ndoano.

"Kaka Avit," alisema Haruni, "hiyo ni ya kuvulia au ya kufungia ng'ombe? Niambie mapema, nilete na kibuyu cha kukamulia."

"Leta. Utakamua sangara wangu."

"Kama yupo atakayekubali kufa kwa kamba ya bibi."

Joanitha alisimama ukingoni, pale maji yalipomfikia viatuni. Mwanamke hakugusa zana zikishaingia mtumbwini. Hilo lilijulikana kwenye mwalo ule, na wako waliowahi kuahirisha safari nzima kwa sababu mwanamke amezigusa. Aliutazama mshipi ukitoka mkunjo baada ya mkunjo juu ya goti la mumewe. Ulikuwa wa kahawia, sawia, kama alivyoutaka. Halafu, karibu na katikati, ukapita mkunjo mweupe.

Mwanzoni alidhani ni jua. Mkunjo uliofuata nao ulikuwa mweupe, kisha kahawia ikarudi. Urefu wake ulikuwa kama pima moja, mikono miwili ikinyooshwa. Rangi yake ilikuwa ya nyuzi zilivyotoka kwenye ubao, na alijua papo hapo ilitoka wapi. Sabuni na majivu vilikuwa vimeondoa mafuta aliyoyaona. Yaliyokuwa ndani ya ngozi ya viganja yalikuwa yameingia katika nyuzi, kiganja kikienda mbele na kikirudi nyuma, na palipoingia mafuta utomvu ulikataa kuingia. Hapo nyuzi zingenywa maji, zingelainika, zingeteleza moja juu ya nyingine. Baba yake alikuwa akikikata kila kipande cha namna hiyo na kukitupa motoni bila kusema neno.

Akisema sasa, Kaijage atakuwa amesikia kwa masikio yake kwamba mshipi ni mbovu, na Karugendo ameketi palepale. Akinyamaza, huenda samaki mkubwa asije kabisa. Lakini akija, mshipi utakatika mkononi mwa Avit, na Avit hataulaumu mshipi. Ataamini kwamba ni mkono wake, na ataamini hivyo hadi mwisho wa maisha yake.

"Baba Edvina," aliita. Edvina alikuwa binti yao, aliyekuwa shule ya bweni. "Usifunge ndoano."

Avit aliinua kichwa. Kaijage pia.

"Kuna nini?" aliuliza Kaijage.

"Kuna kipande kibovu, tata," alijibu, akimwita baba kwa Kihaya. "Hicho cheupe. Nimekosea mimi."

"Umekosea nini?"

"Nilinyonyoa senene, kisha nikasokota."

Haruni ndiye aliyeanza kucheka. "Senene! Sasa mna wasiwasi gani? Samaki watakuja wenyewe, wamekwisha kukaangiwa."

Watu wa mtumbwi wa jirani nao walicheka. Karugendo hakucheka. Alisimama, akajipangusa mchanga, akasogea hadi ukingoni.

"Mama Edvina," alisema Kaijage, "nilitoa asubuhi moja."

"Ninajua, tata. Ninaomba muda wa kukikata na kuunga."

Mzee aliitazama mitumbwi iliyobaki. Haikuwa mingi. "Wa mwisho ukiondoka, na mimi ninaondoka. Atakayekuwa mbele ndiye nitakayekwenda naye."

Avit alishuka. Aliutoa mshipi yeye mwenyewe, akamletea mkewe mchangani, na uso wake ulikuwa umekunjamana. "Ungeniambia nyumbani," alisema kwa sauti ya chini.

"Nimeuona sasa hivi. Nipe kisu."

Alikata pande zote mbili za kipande kile, mbali kidogo na weupe, akakitupa. Akaenda majini, akasugua viganja kwa mchanga hadi vikawasha. Kisha akazifumua ncha mbili za mshipi, akazichambua kwa kucha, akazipunguza kwa hatua ili zisiishie mahali pamoja, akazipishanisha. Hapo akasita. Alihitaji paja. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na kitenge juu yake, na wanaume wa mwalo mzima walikuwa wamegeuka kumtazama. Alijaribu juu ya kitenge; kitambaa kilinyonya maji yote na nyuzi zikagoma kujipinda.

Avit alimwona. Aliketi mchangani mbele yake, akapandisha suruali hadi juu ya goti, akaunyoosha mguu.

"Sokota hapa."

"Una nywele. Zitaingia."

"Zitaongeza nguvu. Sokota, bwana."

Joanitha akapiga magoti, akaulaza mshipi juu ya paja la mumewe, akasukuma. Mwalo ukalipuka kwa kicheko.

"Tazameni," alipaza sauti Haruni, "mume amegeuzwa kibao! Kaka Avit, ukirudi nyumbani atakupondea na karanga hapo hapo."

"Atanipondea," alijibu Avit, akiwa amekaza macho kwenye mikono ya mkewe, "na sikupi."

Mtumbwi mmoja ukaondoka, na mwingine nyuma yake. Joanitha hakuinua kichwa. Kiungio cha namna hiyo hakiharakishwi. Kiganja kikienda kasi, fungu moja hujipinda zaidi ya mwenzake, na mshipi hubeba mzigo upande mmoja tu. Alisukuma, akarudisha, akaongeza maji, akasukuma. Paja la Avit lilikuwa limeanza kuwa jekundu. Karugendo aliingia majini hadi magotini na kuweka mkono juu ya ukingo wa mbele wa mtumbwi.

"Mama Edvina," aliita Kaijage.

"Bado."

"Wa mwisho huo unatoka. Ninasukuma."

"Sukuma, tata. Atakufuata."

Mtumbwi uliacha mchanga. Joanitha alifunga ncha ya mwisho ndani ya msokoto, akaivuta, akaitazama, akauvuta tena mshipi pande zote mbili za kiungio kwa nguvu zake zote. Ukashika. Akaugeuza ili upande mrefu uliobaki mzima ndio ufungwe ndoano, na kiungio kibaki karibu na mkono.

"Sikiliza. Hapa hapajapata utomvu. Samaki akivuta hadi hapa, usimkabe. Mpe kidogo, umrudishe taratibu."

"Nimesikia."

Avit aliingia ziwani akiwa ameuinua mshipi juu ya kichwa, maji yakamfika kiunoni. Karugendo hakuuondoa mkono wake. Kaijage aliacha kupiga kasia.

"Karugendo. Mpishe."

Karugendo akauachia ukingo. Avit akajitupa ndani kwa tumbo, kwa namna isiyopendeza, na mtumbwi ukaenda.

Karugendo hakuondoka mwaloni. Alirudi mahali pake, Joanitha akaketi mbali kidogo naye, na wawili hao wakalitazama ziwa lile lile. Mtumbwi ulipita nyuma ya rasi ya miamba, usionekane tena. Wanawake wa dagaa walikuja na kuondoka. Mmoja alimuuliza Joanitha kama anaumwa, naye akajibu hapana. Alikuwa akikikagua kiungio kichwani mwake, uzi kwa uzi, akitafuta alipokosea, na kila alipomaliza alianza upya.

Mtumbwi uliporudi, Joanitha alihesabu samaki kabla ya watu. Miguuni kwa Haruni palikuwa na sangara wa wastani. Kwa Kaijage palikuwa na wawili. Kwa Avit hapakuwa na kitu. Mguu mmoja wa suruali yake ulikuwa bado umepandishwa.

Karugendo alisimama kuupokea mtumbwi. "Vipi, tata?"

"Alivuta mmoja," alisema Kaijage, akishuka. "Mkubwa. Alichukua mshipi wote hadi kwenye kiungio cha mama huyu. Avit akamleta mpaka ubavuni mwa mtumbwi."

"Yuko wapi?"

Kaijage alimgeukia Haruni, na Haruni akaanza kukunja nailoni yake, ambayo ilikuwa imekwisha kukunjwa.

"Kulabu ya kumpandishia mtumbwini iliteleza," alisema Haruni. "Nilimpiga nayo, ikateleza. Akatoka ndoanoni."

"Iliteleza," alirudia Kaijage, na akaendelea kumtazama hadi Haruni akageukia upande wa ziwa.

"Basi samaki hayupo," alisema Karugendo. "Na wewe ulisema mbele ya watu."

"Nilisema mkono umzuie. Avit, lete mkono."

Avit aliutoa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu Joanitha kumwona akiunyoosha mbele za watu. Kiganja kilikuwa na alama nyekundu, pana, kutoka kidole cha shahada hadi kwenye makovu, lakini ngozi haikuchanika popote. Kaijage akauchukua mshipi, akaupitisha vidoleni polepole hadi akakipata kiungio, akaukanyaga upande mmoja na kuuvuta upande wa pili. Uzi mmoja ulikuwa umetokeza. Akauvuta tena.

"Kimevutika," alisema.

"Kimevutika," alikubali Joanitha. "Hakijaachia."

"Kesho kitakuwaje?"

"Leo nikikitia utomvu, kesho kitakuwa sawa na mshipi wote."

Kaijage akaukunja mshipi, akautia mikononi mwa Joanitha, akamwambia yeye na si mumewe: "Kesho tunatoka mapema. Asinicheleweshe tena namna hii."

Karugendo alichukua nailoni yake, akapanda mlima bila kuaga. Haruni alibaki akikwangua matope kwenye kasia. Avit alishusha suruali, akapangusa mchanga magotini, akamuuliza mkewe kama kuna mgomba unaoweza kukatwa leo, usio na ugonjwa.

"Upo mmoja, nyuma ya jiko," alisema Joanitha. "Twende kabla mvua haijaanza."